Risasi

Bwana Viggo alifariki Jumatano,
chumba cha nyuma, Ngara, mvua ya Mei ikipiga mabati,
nikaitwa mimi, binti wa mpangaji herufi wake,
nije nifungue droo.

Ya kwanza: stakabadhi, jozi tatu za miwani,
kopo la wino lililokauka kama ugali wa juzi.
Ya pili ilikataa mpaka nikaipiga goti.
Ndani ya soksi, herufi moja ya risasi,
ukubwa wa ukucha wa dole gumba:
o iliyopigwa mstari, kama sufuri iliyofutwa.
Kiingereza hakina herufi hiyo. Wala sisi.

Kisa chake nilikiokota vipande vipande,
maana aliisimulia mashine, si watu.
Kopenhagen, mwaka wa arobaini na tatu, Wajerumani barabarani,
naye kijana wa miaka ishirini na miwili
chini ya chumba cha daktari wa meno
akichapa gazeti la siri la kurasa mbili.
Keekee ya daktari ikilia juu, mashine ilizunguka chini;
mgonjwa akipumzika kutema,
nao walisimama, wakashika pumzi.
Oktoba akabeba watoto wa Kiyahudi
waliolazwa kwa dawa wasilie,
akawakabidhi ufukweni, wakavushwa kwenda Uswidi.
Rafiki yake Ejnar alikamatwa na gazeti
ambalo wino wake haujakauka.
Walimpiga risasi kabla ya chai.

Alipojifunza lugha yetu alicheka peke yake,
kicheko kibaya, siku alipogundua
kwamba kinachochapa na kinachoua
tumevipa jina moja.

Lakini Jumamosi ile ya Aprili, hamsini na nne,
Nairobi ilipozungushiwa waya
na malori yakasimama River Road milango wazi,
afisa mwenye chunusi aliingia akauliza:
Unaye Mkikuyu humu?
Baba alikuwa nyuma ya mashine, mstari umefika nusu.
Bwana Viggo alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi.
Hakusema ndiyo.
Hakusema hapana.
Kwa Kiingereza ni herufi mbili tu;
baba angezipanga amefumba macho.

Manyani ilimrudisha baada ya miezi thelathini na minane,
pungufu meno mawili.
Mezani akakuta bahasha thelathini na nane,
kila moja na mwezi wake, mwandiko ule ule.
Na mstari ule nusu ungali kwenye fremu,
umeota vumbi. Hakuna aliyethubutu kuugusa.
Baba akahesabu fedha. Akahesabu tena.
Akavaa aproni, akaumalizia.

Fedha hizo zilinisomesha.
Mama hakumsalimia yule mtu mpaka anaingia kaburini.
Wote wawili walikuwa sahihi, nadhani,
au sijui.

Wiki ya mwisho alinishika kifundo cha mkono:
"Nilikuwa jasiri wakati mmoja.
Nikadhani ni akiba ya posta,
ukishaweka, umeweka."
Kisha akaomba kahawa, akaiacha ipoe.

Lang'ata tulikuwa wanne:
mimi, Harbans Kaur wa duka la viungo,
Adongo mlinzi, na bwana wa ubalozi
aliyesoma habari za nishani kwa sauti nzuri.
Habari za kikombe hakuna aliyezisoma.

Fundi wa saruji aliandika Sonderby
akaniuliza kama ni sawa.
Nikasema bado.
Nikapiga magoti kwenye tope la shamba la wafu,
nikafuta o yake kwa kidole,
nikaikandamiza ile risasi katika saruji mbichi.

Herufi ya risasi, baba alinifundisha, husomeka kinyume.
Itazame siku nzima, itakudanganya.
Mpaka ibanwe.
Nikabana, nikahesabu hadi thelathini na nane,
nikainua mkono.

Sønderby.

Mvua ilikuwa imeanza tena.
Adongo akavua koti, akalifunika jina lisiharibike.